Nani Alikuuliza, Buluu?

Wiki jana nilipotaja kwamba leo tutazungumzia softiboli, fundi mitambo wangu alinitazama kama mtu aliyeagiza chai ya chumvi. Akaniuliza kwa nini nisizungumzie Simba na Yanga. Simba na Yanga wapo, hawaendi popote, Jumamosi tutakuwa nao. Leo nipe dakika ishirini nikueleze mchezo ambao mwamuzi wake hufundishwa kunyamaza kabla hajafundishwa kupiga kelele.

Niliwahi kuwa mwamuzi wa mchezo huo, na kosa langu la kwanza lilikuwa kusema kweli.

Ilikuwa Oklahoma City, katikati ya Marekani, miaka niliyoishi huko kwa dada yangu. Mtaani kwao palikuwa na ligi ya wasichana wa miaka kumi na tatu, kumi na nne, na waamuzi walikuwa watu wa kujitolea. Unahudhuria mafunzo ya mwisho wa wiki mbili, unapewa shati la buluu, barakoa ya chuma na kikingio cha kifua. Malipo yako ni soda na mkate wenye soseji. Kwa ajili ya lile shati, watu wa softiboli hawamwiti mwamuzi kwa jina. Humwita Buluu. Kocha ana swali: Buluu! Mzazi kakasirika: Buluu, miwani yako iko wapi? Hata ukivaa nyeusi utaitwa Buluu.

Basi jioni moja ya Julai, joto halijashuka, udongo wa uwanja mwekundu kama wa Lushoto, mistari ya chokaa imechorwa upya na inang'aa. Nimesimama nyuma ya mdakaji. Mfukoni nina karatasi mbili, orodha za wapigaji wa timu zote mbili, kwa mpangilio ambao makocha wenyewe waliukabidhi kabla ya mchezo. Huo mpangilio ni sheria. Wa kwanza akishapiga anafuata wa pili, wa pili anafuatwa na wa tatu, mpaka wa mwisho, kisha mnaanza tena juu. Hakuna kuruka, hakuna kumtanguliza mkali wenu eti kwa sababu hali ni mbaya.

Mpigaji wa nne akamaliza. Wa tano alitakiwa kuingia. Akaingia wa sita, binti mrefu, nywele kazisuka mkia mmoja unaotokeza nyuma ya kofia ngumu. Mimi sikugundua mara moja. Mrushaji akarusha mara tatu: boli moja, straiki mbili. Ndipo nikachungulia karatasi yangu, nikaona. Na kwa kuwa nililelewa na mama aliyesema ukiona kitu hakiko sawa sema, nikasema. Nikasimamisha mchezo, nikamwambia, "Binti, hii si zamu yako. Ni zamu ya mwenzako."

Benchi lao likacheka, wakapungiana mikono, wa tano akaja mbio huku anafunga kofia. Sheria inasema akija namna hiyo anairithi hesabu kama ilivyo, kwa hiyo alianza na straiki mbili mgongoni. Mpira uliofuata akauchapa katikati ya besi ya kwanza na ya pili, wakimbiaji wawili wakaingia nyumbani, mchezo ukaisha.

Kocha wa timu iliyokuwa inazuia akanijia taratibu, kofia mkononi. Hakufoka. Aliniuliza jambo moja tu. "Nani alikuuliza, Buluu?"

Nikamwambia niliona kosa, nikalisahihisha.

Akasema, "Na mimi niliona. Nilikuwa nangoja."

Ili uelewe alikuwa anangoja nini, kwanza tuuelewe mchezo wenyewe, na nitakwenda haraka. Mrushaji anasimama mita 13 na kidogo kutoka kwenye kibao cheupe cha pembe tano kilicholala chini. Anarusha kwa chini, mkono unazunguka kama pangaboi, tofauti na besiboli ambako mpira hutoka juu ya bega. Mpigaji ameshika gongo. Ninyi wa Dar msinichekee, nasema gongo la kupigia, lile lingine halina besi ya kwanza wala ya pili, lina mtaro tu. Mpira mzuri akiuacha ni straiki, akilipunga gongo akaukosa ni straiki, na straiki tatu zinamwondoa. Mpira mbaya akiuacha ni boli, na boli nne zinampa besi ya kwanza bure. Akiupiga ukabaki ndani ya mistari, anakimbia besi kwa besi, na akirudi nyumbani, yaani kwenye kibao, ni pointi. Wapigaji watatu wakitolewa, timu zinabadilishana. Zote mbili zikishapiga, hiyo ni ngwe moja. Ngwe saba, basi. Na mpira wenyewe, pamoja na jina lake, si laini hata kidogo. Una mzingo wa sentimita 30 hivi, ni mkubwa kuliko wa besiboli, na ukikugonga kwenye ugoko utaamini nisemayo.

Jina hilo la ulaini lilikuja baadaye, ila chimbuko lilikuwa laini kweli. Mwaka 1887, Siku ya Shukrani, wanaume fulani walikuwa wamekusanyika katika klabu ya mashua ya Farragut, Chicago, wakingoja matokeo ya mechi ya Yale na Harvard yaje kwa simu ya maandishi. Matokeo yalipofika, mmoja kwa furaha akamrushia mwenzake glavu ya ndondi, na mwenzake akaipiga kwa mpini. George Hancock alikuwepo. Akaifunga ile glavu kwa kamba zake mpaka ikawa donge, akachora mistari ya chokaa sakafuni, wakacheza ndani ya ukumbi. Chokaa hiyo haijatoka mchezoni hadi leo, na tutairudia.

Sasa turudi kwa kocha wangu aliyekuwa anangoja.

Kupiga nje ya zamu katika softiboli ni kosa la rufaa. Maana yake mwamuzi halitamki mpaka aulizwe, na wa kuuliza ni timu inayozuia. Timu inayopiga ikijigundua yenyewe, inaruhusiwa kujisahihisha kabla mpigaji wa makosa hajamaliza zamu yake, na hapo hakuna adhabu, ila yule mwenye zamu anairithi hesabu. Timu inayozuia ikilisema wakati huohuo, matokeo ni yaleyale. Ndiyo maana kocha mwenye akili halisemi wakati huo. Anakaa kimya. Mpigaji wa makosa akitolewa kwa straiki tatu, vizuri, kajimaliza mwenyewe, ya nini kuamsha aliyelala? Lakini akipiga vizuri akafika besi, akasukuma na wenzake wawili nyumbani, hapo kocha anainuka, anamwendea mwamuzi, anasema: Buluu, huyu kapiga nje ya zamu.

Na hapo kisu kinakata. Anayetolewa ni yule wa tano ambaye hakugusa gongo, kwa kuwa yeye ndiye aliyeacha zamu yake. Huyu wa sita aliyepiga anaondolewa kwenye besi. Wakimbiaji waliosogea kwa pigo lake wanarudishwa walikotoka, pointi zinafutwa. Na nani anafuata kupiga? Anafuata anayemfuata aliyetolewa kwenye orodha, yaani wa sita yuleyule. Binti anarudi palepale, na gongo lilelile, kuanza upya. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja, na kila mara wazazi nyuma ya uzio hudhani mwamuzi ameshikwa na jua.

Lakini rufaa hiyo ina mlango, na mlango unafungwa upesi. Mrushaji akishamrushia mpigaji anayefuata mpira mmoja tu, uwe halali uwe haramu, kosa limekwisha, aliyepiga nje ya zamu amehalalishwa, na orodha inaendelea kutoka kwake. Wa tano aliyerukwa atangoja mzunguko mwingine. Baina ya pigo na mpira unaofuata kuna sekunde labda ishirini, labda thelathini. Muda wote huo mwamuzi anajua. Karatasi iko mfukoni mwake. Na anatakiwa asimame kama mlingoti.

Mpenzi wa soka hili linamsumbua, naelewa. Kwetu refa akiona kosa anapuliza filimbi, na asipopuliza tunasema kala hela. Lakini wale waliokulia karibu na viwanja vya kriketi, Nairobi au Kampala au hapa Upanga, wanalijua jambo hili tangu zamani. Katika kriketi mpigaji anaweza kuwa ametolewa kabisa, mpira umegusa gongo ukadakwa, na mwamuzi asiinue kidole mpaka mtu wa upande wa pili apaze sauti ya kuomba. Mwaka 2003, Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la Kriketi, redioni zile kelele za wachezaji kumlilia mwamuzi zilisikika kila baada ya dakika chache, na ndugu yangu mmoja akadhani ni ugomvi. Ilikuwa sheria inatekelezwa.

Usiku ule baada ya aibu yangu, mwenzangu aliyekuwa akichezesha kwenye besi, mama mmoja aliyekwisha kustaafu kazi, alinikalisha kwenye mkia wa gari lake la mizigo akanipa soda. Aliniambia kazi yetu ni kuona kila kitu. Kusema ni jambo jingine. Kuna unayoyaona ukayasema papo hapo, tena kwa sauti ya kusikika barabarani. Na kuna unayoyaona ukayameza. Mkimbiaji akiruka besi bila kuigusa, meza. Mpigaji akija nje ya zamu, meza. Ukitema kabla hujaombwa, umeshaichezea timu moja.

Nikamuuliza yapi basi ya kusema papo hapo. Akaniambia, kesho tazama miguu.

Miguu, msikilizaji, ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Pembeni mwa kibao kumechorwa boksi la chokaa, upana sentimita 91, urefu mita 2 na sentimita 13, moja upande wa kulia na moja wa kushoto. Mpigaji sharti awe ndani yake. Gongo likigusa mpira wakati mguu wake mmoja mzima umekanyaga chini nje ya boksi, au sehemu yoyote ya mguu imegusa kile kibao, ametolewa. Hakuna anayehitaji kukata rufaa. Mwamuzi anainua mikono, anapaza sauti kwamba mpira umekufa, mpigaji auti, na kila mkimbiaji arudi kwenye besi yake. Hata kama mpira umeruka uzio.

Soma sheria hiyo kwa makini, maana kila neno lina kazi. Mstari wenyewe ni sehemu ya boksi, kwa hiyo kisigino kikiwa juu ya chokaa, yumo. Mguu sharti uwe umekanyaga chini. Ukiwa hewani hauhesabiwi umetoka, hata kama uko mbele ya mstari kwa shubiri nzima. Na sharti gongo liwe limegusa mpira. Ametoka nje kabisa, kapunga, kakosa? Hiyo ni straiki kama straiki nyingine. Nimewahi kuona kocha mzima anaruka kama kachomwa na siafu akidai auti kwa mpira ambao haukuguswa na mtu.

Sasa weka sheria hiyo mbele ya mpigaji wa mbio. Hawa ni wale wanaopiga kwa kushoto, wakisimama upande ulio karibu na besi ya kwanza, na mpira unapokuja wanaanza kukimbia kabla hawajaupiga. Mguu wa nyuma unavuka wa mbele, mwili umeshageukia besi, na gongo linauchapa mpira huku mtu yuko kwenye mwendo. Natasha Watley, Mmarekani aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 2004, alikuwa hodari wa mtindo huo. Ukimwona anayeujua unadhani anacheza ngoma. Sasa mwamuzi aliye nyuma yake anatakiwa atazame mpira unaokuja kwa kasi, ambao kwa warushaji wakubwa unapita kilomita 100 kwa saa na unafika chini ya nusu sekunde, na wakati huohuo ajue ule mguu uliovuka umekanyaga wapi. Monica Abbott alirekodiwa mwaka 2012 akirusha kilomita 124 kwa saa. Macho ni mawili, lakini yote mawili hutazama mahali pamoja.

Yule mama alinifundisha nisibahatishe. Asiyeona hakuona. Ila udongo unaweka kumbukumbu, akasema, ikiwa chokaa ingali mbichi. Mguu ukikanyaga nje unaacha alama ya njumu kwenye udongo mtupu, na mguu ukikanyaga mstari unaacha doa jeupe mbele yake. Kwa hiyo baada ya mpira kwenda zake unaweza kutupa jicho chini, ukathibitisha ulichokwisha kukiona. Kuthibitisha, si kutafuta. Na ndiyo maana wapigaji wajanja huingia boksini wakiburuza miguu, wanakwangua, wanachimba, wanajifanya wanatafuta pa kusimama, na mpaka ngwe ya pili inaisha mstari wa mbele umebaki hadithi. Kuufuta kwa makusudi ni kosa lenye adhabu. Lakini makusudi ya mtoto wa miaka kumi na tatu anayeburuza kiatu, nani atayathibitisha?

Uamuzi wa miguu niliupitisha mara moja tu msimu ule wote. Binti alikuwa amekanyaga kibao chenyewe, unyayo mzima, nikausikia mlio wa njumu kwenye mpira mgumu wa kile kibao kabla sijasikia gongo. Wazazi wakapiga kelele. Yeye mwenyewe akatazama chini, akatikisa kichwa, akaondoka zake.

Straiki na boli nitazipitia, maana hizo ndizo zinazoonekana kwenye televisheni na kila mtu ni mtaalamu. Kanuni za USA Softball, chama kinachosimamia mchezo Marekani, zinasema mpira mzuri ni ule unaopita juu ya sehemu yoyote ya kibao, kati ya makwapa na juu ya magoti ya mpigaji akiwa amesimama kama anavyosimama kupiga. Neno kubwa ni kupita. Mahali mpira ulipodakiwa hapahusiki. Kuna mpira wa kuzama ambao unakata hewa kwenye magoti halafu unadakwa karibu na vumbi, na hiyo ni straiki halali ambayo uwanja mzima utaizomea. Na kuna mdakaji anayedaka mpira uliopita pembeni, kisha taratibu anaisogeza glavu katikati na kuigandisha hapo, kama muuzaji anayeweka kidole kwenye mizani. Mwamuzi hujikinga kwa kuchuchumaa upande wa ndani, baina ya bega la mdakaji na mpigaji, kidevu usawa wa kichwa cha mdakaji, na kwa kuchelewa. Ndiyo, kuchelewa. Anaacha mpira ufike kwenye glavu, anahesabu moja moyoni, ndipo anatamka. Straiki ina mkono wa kulia unaoinuka. Boli haina ishara, ni neno tu, na wengi hulisema kwa sauti ya chini kama wanaomba radhi.

Halafu kuna mikono. Laiti ningepata shilingi kwa kila mzazi aliyenipigia kelele kwamba mikono ni sehemu ya gongo! Imani hii imeenea kote, na haimo kwenye kitabu chochote. Jioni moja mpira ulimgonga binti kwenye vidole, akaliachia gongo, akapiga magoti, machozi yanamtoka. Alikuwa amepunga. Nikatangaza mpira umekufa, straiki. Baba yake nyuma ya uzio akafoka kwamba nimpe besi, mtoto kaumia. Jirani yake wa timu nyingine akafoka kwamba huo ni mpira uliopigwa, mikono ni gongo, atolewe besi ya kwanza. Wote wawili walikosea. Mpigaji aliyepunga akagongwa mkono amepata straiki na maumivu. Asiyepunga, akagongwa bila kuutegea mwili, anapewa besi. Nilimpa binti muda wa kupumua, kocha wake akamletea barafu, mchezo ukaendelea. Sikufurahi, lakini hiyo ndiyo sheria.

Hapohapo nikukumbushe straiki ya tatu, maana hapa ndipo kinywa cha mwamuzi kinapopata mtihani wake. Mdakaji akiiangusha straiki ya tatu na besi ya kwanza iko tupu, au hata ikiwa na mtu lakini wameshatolewa wawili, mpigaji anaruhusiwa kukimbilia besi ya kwanza. Bado yuko hai. Mwamuzi anatamka straiki tatu na kuishia hapo. Akiongeza neno auti kwa mazoea, binti atasimama, atatolewa akiwa amesimama, na kosa ni la mwamuzi. Lakini ikiwa besi ya kwanza ina mtu na waliotolewa hawajafika wawili, mpigaji hana ruhusa hiyo, na watoto hukimbia hivyohivyo kwa kuwa benchi zima linapiga kelele kimbia, kimbia! Hapo mwamuzi sharti apaze sauti, mpigaji auti, mpigaji auti, ili mdakaji asihangaike kurusha mpira ovyo. Straiki ni zilezile tatu, mpira ulioanguka ni uleule. Mara moja neno limekatazwa, mara nyingine neno ni wajibu, na una nusu sekunde ya kukumbuka nani yuko besi gani.

Vivyo hivyo mpira wa juu. Wakimbiaji wakiwa besi ya kwanza na ya pili, au besi zote tatu zimejaa, na hawajatolewa wawili, mpigaji akapaisha mpira mwepesi ambao mlinzi wa ndani anaweza kuudaka bila shida, mwamuzi anatangaza mpigaji ametolewa mpira ungali angani. Sababu ni ujanja wa walinzi. Bila sheria hiyo, mlinzi angeuacha uanguke makusudi, wakimbiaji waliokuwa wameganda wakidhani utadakwa wakajikuta wanalazimika kukimbia, na watu wawili wakatolewa kwa hila. Sauti ya mwamuzi inawalinda. Lakini haiwalindi kwenye mpira ulionyooka, ule unaotoka kwenye gongo kama risasi. Huo hauna tangazo.

Na hapa naomba nikupeleke Yokohama, tarehe 27 Julai 2021, fainali ya Olimpiki ya Tokyo iliyosogezwa mwaka mzima na korona, viti vitupu. Japani inaongoza, Marekani inapiga, ngwe ya sita. Ametolewa mmoja. Wakimbiaji wako besi ya kwanza na ya pili. Yaani masharti yote ya lile tangazo yametimia, unangoja tu mpira upae. Amanda Chidester akaupiga, ukaenda kwa kunyooka, ukamgonga mkononi mlinzi wa besi ya tatu, Yu Yamamoto, ukadunda hewani kuelekea kwa Mana Atsumi aliyekuwa nyuma yake. Haukugusa ardhi. Atsumi akaudaka, akarusha besi ya pili kabla mkimbiaji hajarudi. Wawili, ngwe imekwisha. Mpira ukimgonga mlinzi bila kugusa chini bado uko angani kisheria, na pigo la kunyooka halina tangazo, kwa hiyo waamuzi hawakuwa na neno la kumwokoa mkimbiaji. Walikuwa na ishara tu baada ya mambo kwisha. Japani ilishinda 2 kwa 0. Nimeutazama mkanda ule mara nyingi, na kila mara namtazama mwamuzi, kinywa chake.

Gongo lenyewe lina kesi zake, nisizirefushe. Katika mchezo wa wanawake halizidi urefu wa sentimita 86 na kidogo. Magongo ya leo ni ya madini au nyuzi zilizobanwa, yana uwazi ndani, na yanarusha mpira kama kitanda cha springi. Tangu 2004 kipimo cha Marekani kinataka mpira usitoke kwenye gongo kwa zaidi ya kilomita 158 hivi kwa saa, na gongo lililofaulu lina alama yake. Kuna watu wazima na akili zao wanaokwangua gongo kwa ndani ili litese mpira zaidi. Ukiingia boksini na gongo haramu umetolewa. Likiwa limechezewa, umetolewa na unafukuzwa uwanjani. Kabla ya mchezo waamuzi hupita kwenye benchi wakiyakagua moja moja, wakipitisha kidole kutafuta ufa, na mimi niliipenda kazi hiyo kwa sababu ndiyo pekee ambayo hakuna anayekuzomea.

Mwaka 2028 Olimpiki itakuwa Los Angeles, lakini softiboli itachezwa Oklahoma City, karibu kilomita 2,000 kutoka huko, kwa kuwa uwanja mkubwa wa mchezo huo uko pale. Sio mbali sana na kiwanja changu cha udongo mwekundu. Wale mabinti sasa ni watu wazima.

Msimu uliofuata ule wa aibu yangu, yalinikuta tena. Ngwe ya tano, jioni kama ile, mimi nyuma ya mdakaji. Mpigaji wa nne akamaliza, akaingia wa sita. Safari hii nilijua tangu mguu wake wa kwanza boksini. Nikafunga mdomo. Mpira wa pili akauchapa mbali, besi mbili, mkimbiaji akaingia nyumbani, benchi lao likalipuka. Nikamtazama kocha wa timu iliyokuwa inazuia. Ni yuleyule. Alikuwa ameinama anamfunga mtoto wa mtu kamba ya kiatu, na daftari lake liko juu ya benchi, limefungwa.

Mpigaji anayefuata akaingia. Mrushaji akaupokea mpira, akausugua kwenye paja, akakanyaga ubao wake. Kocha akamaliza fundo la kwanza, akaanza la pili. Nikachuchumaa. Mkono ukazunguka, mpira ukaja, ukapita kwenye kona ya nje usawa wa goti. Nikahesabu moja.

"Straiki!"

Kocha akainua kichwa. Akalichukua daftari, akalifungua, kidole kikashuka kwenye orodha taratibu mpaka kikasimama. Kisha akanitazama. Mimi nikatoa brashi mfukoni, nikazunguka mbele, nikaupa uwanja mgongo kama adabu inavyotaka, nikainama kufagia kibao ambacho hakikuwa na vumbi.